Kilicho Katikati ya Ukuta

Neno Romaneski lilitokana na mtu ambaye hakujenga hata kanisa moja. Mwaka 1818 Charles de Gerville, mtafiti wa mimea na mambo ya kale kule Normandy, Ufaransa, alimwandikia rafiki yake barua akipendekeza jina la majengo fulani mazito ya mawe yaliyotapakaa nchini mwao. Aliyaona kama kazi ya Kirumi iliyoharibiwa na mababu zake washamba. Kilatini kilichakaa midomoni mwa watu mpaka kikawa Kifaransa. Kwa maoni yake, ujenzi wa Warumi nao ulichakaa vivyo hivyo mikononi mwa mafundi wa karne ya 11 na ya 12. Jina likashika. Mafundi wenyewe walikuwa kaburini miaka mia sita na zaidi, kwa hivyo hakuna aliyewauliza.

Nalijua hili kwa sababu nililipwa kulijua. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, jina zuri la mtu anayekaa na laptopu kwenye chumba cha kupanga Migori mjini akingoja oda iingie. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili, kisha baba akafariki na karo ikakosa mwenyewe. Siku hizi nawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za masomo ambayo karo yake wanayo ila muda wake hawana. Tuko wengi Kenya tunaofanya kazi hii, na wengi wetu tunaifanya usiku, maana usiku wetu ndio mchana wa mteja. Nimeandika kuhusu uuguzi, bima ya magari, ufugaji wa samaki wa maji baridi. Halafu ikaja hii: kurasa nane, sanaa na ujenzi wa Romaneski katika Ulaya ya Zama za Kati, mfano mkuu uwe kanisa kuu la Durham, iwe tayari kesho jioni.

Huwezi kuandika kurasa nane kuhusu jengo bila kulipenda kidogo. Durham iko kaskazini mwa Uingereza, na kanisa lenyewe limekaa juu ya mwamba uliozungukwa na mto karibu pande zote. Ujenzi ulianza 1093, na kufikia 1133 kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Miaka arobaini. Nikawaza vijana wa umri wangu waliochimba msingi, wakafika kwenye dari wakiwa wazee. Yaani wale waliofika.

Ukitaka kuitambua Romaneski haraka, tafuta vitu vitatu. Tao la nusu duara juu ya mlango na dirisha. Ukuta mnene. Dirisha dogo. Vitatu hivi vinaendana, wala havitokani na ushamba wa mtu. Makanisa mengi ya kabla ya hapo yalikuwa na paa la mbao, na mbao huungua. Watu wakataka dari la mawe. Sasa dari la mawe ni zito, tena uzito wa tao hausukumi chini peke yake, unasukuma na kando. Kalia gunia la mahindi uone: litatanuka ubavuni. Ukuta usipokuwa na unene wa kushindana na msukumo huo, unafunguka na dari linakuja chini. Ukitoboa madirisha makubwa, umeudhoofisha. Basi ukuta ukanenepa, dirisha likapungua, na ndani kukabaki giza na ubaridi.

Kama unataka kuona tao hilo bila pasipoti ya Ulaya, wamisionari walilileta huku likiwa limeshafufuliwa. Kanisa kuu la Rubaga, Kampala, lililojengwa kati ya 1914 na 1925, linayo. Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Mji Mkongwe, Unguja, lililojengwa miaka ya 1890, linayo pia. Hata kanisa la matofali la kijijini kwetu lina madirisha ya tao, ingawa dari lake ni mabati na halimsukumi mtu yeyote kando.

Lakini kilichonishika usiku ule ni kitu ambacho mteja hata hakukiuliza. Ukuta wa Romaneski, mara nyingi, si jiwe tupu. Ni kuta mbili. Kuna ngozi ya nje ya mawe ya kuchonga na ngozi ya ndani ya mawe ya kuchonga, na katikati wamemwaga kifusi: vipande vya mawe, kokoto, mchanga, chokaa. Hata zile nguzo nene za Durham, ambazo watu husafiri kwenda kuzipiga picha kwa ajili ya michoro ya msumeno na almasi iliyochongwa juu yake, tumbo lake si jiwe moja. Tunachosifu ni ngozi. Kinachobeba pamoja na ngozi ni takataka za machimbo.

Na kifusi kikiwa kibaya, ngozi haisaidii. Huko Winchester mnara wa kati wa kanisa kuu ulianguka mwaka 1107. Miaka saba kabla yake Mfalme William Rufus, ambaye hakupendwa na watawa, alikuwa amezikwa chini ya mnara huo, na watu wakasema ni dhambi zake zilizouangusha. Kule Cluny, Ufaransa, watawa walianza 1088 kujenga kanisa lililokuja kuwa kubwa kuliko yote ya Ukristo wa Magharibi, na mwaka 1125 sehemu ya dari lake ikaporomoka. Wakajenga tena. Hawa hawakuwa watu waliojua kila kitu. Walikuwa watu wanaojaribu, wakiangukiwa, wakirudia.

Nikaandika, nikatuma, nikalipwa. Lakini ile habari ya kuta mbili na kilicho katikati ilikataa kutoka kichwani, kwa sababu nilikuwa na hakika nimewahi kuiona kwa macho yangu, na mimi Durham sijafika.

*

Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, karibu na mpaka na Homa Bay. Ukitokea Homa Bay mjini unapita Rodi Kopany, unapita Mirogi, halafu lami inakuaga na unabaki na mwendesha boda na vumbi. Kwa Dholuo, thim ni msitu au pori, lich ni cha kutisha. Ohinga ni boma la mawe. Nilifika mara ya kwanza nikiwa darasa la saba, kwa basi la shule, na ninachokumbuka zaidi ni soda. Mara ya pili nilikwenda peke yangu, wiki mbili baada ya Durham.

Unatembea kwenye nyasi, miti ya bondo imesimama kama vinara vya mishumaa, mara kuta hizo hapo. Mahali pengine zina zaidi ya mita nne kwenda juu. Unene ni kati ya mita moja na tatu. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikilia. Hakuna hata jiwe lililochongwa. Ni mawe yaliyookotwa vile yalivyo, moja juu ya jingine, na inakadiriwa yako hapo tangu karne ya 16.

Mwelekezaji wa pale alinionyesha sehemu ambapo ukuta umemomonyoka kidogo na tumbo lake linaonekana. Kumbe sikuota. Ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na katikati mawe madogo madogo yaliyoshindiliwa. Watafiti wanasema ukuta huu una sehemu tatu: nyuso mbili zilizojengwa kila moja peke yake, na ya tatu ya kuziunganisha. Tofauti ni kwamba Durham wana chokaa ya kuwasamehe. Thimlich hakuna msamaha. Kila kijiwe kinafanya kazi ya kabari. Kikitoka, jirani yake anacheza, na yule akicheza wa juu anashuka. Ndiyo maana ukuta hauendi moja kwa moja. Unajipinda, unaingia na kutoka, mahali pengine umewekewa kiegemeo cha mawe ubavuni. Ukuta ulionyooka bila chokaa ungechoka mapema. Ukijipinda unajiegemea wenyewe.

Milango ni mifupi na myembamba, na juu yake yamelazwa mawe marefu kama linta. Ng'ombe wanaingia mmoja mmoja na unawahesabu. Mtu mzima anaingia ameinama, yaani kichwa kwanza, na kama amekuja na ubaya, kichwa ndicho unachohitaji. Kuna na mahali ambapo wahunzi walifanyia kazi ya chuma. Hapa watu waliishi, wakafuga, wakaoa, wakagombana. Halikuwa ngome ya wanajeshi. Lilikuwa nyumbani kwa watu wenye sababu ya kuogopa usiku.

Sitaki kusema Thimlich ni Romaneski yetu. Najua sentensi hiyo ingependeza, na kama ningekuwa naandika kwa kurasa ningeiuza. Durham ina dari la mawe juu ya vichwa vya watu. Thimlich haina dari na haikulitaka. Durham ilianzishwa na askofu. Thimlich ilijengwa na koo. Wageni wengine huilinganisha na Zimbabwe Mkuu, ambayo nayo haikutumia chokaa, na hapo angalau kuna udugu wa kazi. Lakini bado ni ugonjwa ule ule wa Gerville, kukiita kitu kwa jina la kile unachodhani kinafanana nacho, kisha kukihukumu kwa kukosa kufanana. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Mafundi wawili wasiojuana, kila mmoja na mawe ya kwao, walikutana na swali moja, ukuta mnene utausimamishaje bila kuumaliza mlima mzima, na wote wakajibu vilevile: jenga nyuso mbili, shindilia katikati.

Kuna tofauti nyingine niliyoipenda. Juu ya mlango wa kanisa la Autun, Ufaransa, kuna mchongo mkubwa wa Siku ya Hukumu wa karne ya 12, na chini ya miguu ya Kristo limechongwa jina: Gislebertus. Wasomi wamebishana kwa miaka kama huyo ndiye mchongaji au ndiye mheshimiwa aliyelipa. Ni jina moja, na makumi ya mikono iliyofanya kazi pale haina jina. Thimlich hakuna jina lililochongwa mlangoni, lakini maboma yenyewe ni majina. Makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch, Koluoch. Hiyo Ka au Ko ya mwanzo ni sawa na "kwa" yetu ya Kiswahili. Kwa Ochieng', aliyezaliwa jua likiwaka. Kwa Oluoch, aliyezaliwa kukiwa na mawingu. Na Okech ni mtoto wa wakati wa njaa. Majina haya ni ya waliokaa humo, na kabla yao walikaa wengine, jamii za Kibantu na baadaye koo za Waluo, kila mmoja akirithi ukuta wa aliyemtangulia na kuutengeneza palipobomoka. Desturi hiyo ya kujenga na kukarabati ilidumu hadi katikati ya karne ya 20. Nyanya yangu alikuwa ameshazaliwa.

*

Ndiyo, nyanya yangu. Dana, tunavyomwita. Nyumbani kwetu ni upande wa Ndhiwa, na juu ya shamba letu, pale ardhi inapoanza kuwa mawe matupu, kuna ohinga.

Usifikirie Thimlich. Watafiti wamehesabu miundo ya mawe ya aina hii zaidi ya 500 katika nchi hii ya kandokando ya Ziwa. Thimlich ndiyo kubwa kuliko zote na iliyohifadhika vizuri zaidi. Mwaka 2000 iliingia kwenye orodha ya World Monuments Fund ya maeneo yaliyo hatarini, na mwaka 2018, mkutanoni Manama, Bahrain, UNESCO ikaitangaza Urithi wa Dunia. Durham ilikuwa imeupata mwaka 1986. Thimlich sasa ina ua, ina kibao, ina Makavazi ya Taifa. Yetu ina mbuzi. Imesimama hadi kifuani kwangu upande mmoja, upande mwingine ni rundo. Lango lake moja bado lina linta.

Mwaka jana kakangu alirudi kutoka Nairobi, ambako kwa miaka tisa amekuwa mtu wa mjengo. Alianza kama kibarua wa kubeba mchanga, sasa ni fundi kamili, na ndiye aliyelipia shule ya wadogo wetu baba alipoondoka. Alirudi kujenga nyumba yake. Alikuwa na mabati, alikuwa na nusu ya saruji, hakuwa na mawe ya msingi. Lori la mawe kutoka machimboni linauma, na barabara ya kufika kwetu inaongeza bei. Akatazama juu ya shamba.

"Nyaminwa," akaniambia kwenye simu, "kule juu kuna lori kama nne zimekaa bure."

Nilipanda matatu siku iliyofuata.

Kikao kilikuwa nje ya nyumba ya Dana: yeye, kaka, mama, ami yetu mkubwa na mimi. Ami alikuwa ameshakubali. Kwake mawe ni mawe, na kijana anayetaka kujenga nyumbani badala ya kupotelea Nairobi asizuiwe na rundo la mawe. Nikaeleza. Nikawaambia kuhusu Thimlich na UNESCO, wakatikisa kichwa kwa heshima. Nikawaambia kuhusu Cluny: kwamba baada ya Mapinduzi ya Ufaransa lile kanisa kubwa kuliko yote liliuzwa, likageuzwa machimbo, na kwa miaka ishirini na zaidi watu wakalibomoa na kuuza mawe yake, mpaka leo imebaki sehemu ndogo tu, na wageni wanalipa kiingilio kutazama nafasi lilipokuwa.

"Na hao walionunua mawe," kaka akauliza, "nyumba zao zilisimama?"

Sikuwa na la kujibu. Hakuna mtu Ufaransa anayelala nje leo kwa sababu babu yake alijengea mawe ya kanisa.

Ami akasema kwa upole, kama mtu anayefunga mlango taratibu, "Mama, maneno yako ni mazuri. Lakini wewe utaolewa. Huyu ndiye atakaa hapa." Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Sheria ya nchi inasema lingine kuhusu urithi wa binti, na mimi naijua, nimeiandikia watu insha. Lakini kikao cha nyumbani si mahakama.

Wote tukamgeukia Dana. Nilikuwa na hakika atasema jambo la mizimu, la laana ya mwenye kugusa gunda la watu wa kale, na kwa kweli nililitegemea. Dana akauliza, "Mafiga ya jikoni kwangu yametoka wapi?"

Hakuna aliyejua.

"Yametoka pale. Nilipoolewa hapa mama mkwe wangu alinipeleka, akaniambia nichague matatu. Ya jikoni kwake pia yalitoka pale." Akanyamaza kidogo. "Lakini alinionyesha ya kuchagua. Yaliyolala, ndiyo. Yaliyosimama, yaache yasimame."

Hiyo ndiyo ikawa hukumu. Ami akaridhika, kaka akaridhika. Ilikuwa haki, na mtu mwenye akili hawezi kubishana nayo. Nikabishana.

Kwa sababu kule Thimlich mwelekezaji alikuwa ameniambia jambo. Ukuta ukianguka pale, anayeutengeneza hutumia yale yale mawe yaliyoanguka. Anayatazama yalivyolala, anasoma yalitoka wapi, anayarudisha. Jiwe lililolala ndilo ukuta wa kesho. Ukiliondoa, hujauharibu ukuta, ila umehakikisha hautapona. Tena yanayoanguka kwanza ni ya uso, makubwa, mazuri, hayo hayo fundi anayoyataka kwa msingi. Kijiwe cha katikati hakuna anayekitaka. Tungebaki na kifusi.

Nikayasema haya yote, labda kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa mbele ya ami. Dana alisikiliza. Kisha akaniuliza swali ambalo insha zote nilizouza hazikunitayarishia.

"Nyakwara, ni nani atayarudisha?"

*

Tulipanda juu asubuhi yake, mimi na kaka peke yetu. Nilimwonyesha mahali ukuta ulipofunguka. Alichuchumaa, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa vijiwe viwili, akavitazama, akavirudisha. Akavirudisha mahali pale pale, na alipokosa kuviingiza vizuri akavigeuza mpaka vikaingia. Nadhani hakujua amefanya hivyo. Mkono wa fundi haupendi pengo.

"Hii ni kazi," akasema. Akatazama kwa jicho moja mstari wa ukuta, kama mtu aliyeshika timazi. "Hawakuwa na pima maji. Hawakuwa na kamba. Ona inavyolala ndani kidogo ikipanda. Wamefanya makusudi, ili ijiegemee." Halafu akacheka. "Unajua msingi tunaoujenga Nairobi, wa mawe? Ni hivi. Unapanga nje, unapanga ndani, katikati unamwaga hadkoo. Mimi nilidhani ni Wahindi walitufundisha."

Tukakubaliana jambo dogo. Upande wa lango, uliosimama na ulioanguka, hagusi, hata kama jiwe limelala mbali. Upande wa rundo atachukua. Nilimwomba siku mbili kabla ya kuanza. Nikapima kwa futi aliyoniazima, nikachora kwenye daftari, nikapiga picha kila hatua, pamoja na jinsi mawe yalivyolala, ili kama siku moja atatokea mtu wa kujibu swali la Dana, awe na pa kuanzia. Siku ya tatu mkokoteni ulipanda. Ulipanda siku tano.

Sasa nyumba imefika kwenye linta. Msingi wake ni mzuri. Mvua kubwa ya Aprili imepita na hakuna mahali umetitia. Ukiutazama kabla hawajaupiga plasta, unaona mawe ambayo mtu wa miaka mamia iliyopita aliyaokota, akayapima kwa jicho, akayakubali, na kakangu amekuja kuyakubali tena. Sijui kama naweza kuiita hasara tupu. Sijui pia kama naweza kuiita kitu kingine. Upande ule wa juu sasa kuna alama ndefu ya kifusi ardhini, nyasi zimeanza kuifunika, na mbuzi wanapita walipokuwa hawapiti.

Ami naye ana kijana wake anayefikiria kujenga mwakani. Amenisalimia vizuri sana siku hizi. Ninamjua.

Nimetafuta, na kuhusu Durham naweza kukupa tarehe ya karibu kila kipande cha jengo. Kuhusu ohinga yetu kuna daftari moja la kurasa 96, lililojaa hadi ukurasa wa 14, liko chini ya godoro langu Migori. Hakuna aliyelipia kurasa hizo. Kama kwenu pia kuna ohinga, na kama unatoka Ndhiwa, Nyatike, Karungu au Kadem kuna uwezekano mkubwa kwamba ipo, usingoje kibao. Chukua futi. Anza na lango, kwa sababu lango ndilo la kwanza kupoteza linta. Andika unene, andika kimo, chora tumbo la ukuta palipofunguka. Muulize mzee aliye hai boma ni Ka nani.

Ya kwetu inaitwa kwa jina ambalo Dana alinitajia jioni ile baada ya kikao, wengine wakiwa wameshaingia kula. Nimeliandika ukurasa wa kwanza. Chini yake nimeandika kilichobaki: ukuta uliosimama, hatua 31 zangu, na lango moja, kimo hadi kiunoni, unaingia umeinama.